Mgongo wa Kabati Langu

Kabati lile lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu walilisahau mapema. Baba yangu alinipa nilipoolewa: kabati la msaji, lina kioo mlangoni na vishikio vya shaba. Lilipitishwa vichochoro vya Mkunazini vichwani mwa wapagazi, na mashangazi zangu nyuma yake wakipiga vigelegele. Ndani nilipanga kanga zangu, mirashi miwili ya fedha ya kunyunyizia marashi, na vikombe vya kaure ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Hata mwezi haujesha tangu harusi, akaligeuza kabati langu likawa kiambaza cha katikati ya chumba: milango ikatazama kitanda, mgongo ukatazama tunapokaa. Kisha akachanganya masizi na gundi, akaupaka mgongo ule mpaka ukawa mweusi tititi, akaanza kuuandikia kwa chaki. Mama yangu alipokuja kunitazama akaona kabati la harusi limetiwa masizi, alikaa chini na buibui lake mwilini. Mie sikulalamika. Nilikuwa nshaonja utamu wa ubao ule.

Mie nilitolewa skuli nilipovunja ungo, kama wenzangu wote wa siku zile. Darasani tulikuwa tumefika kwenye nusu na robo. Nikawekwa ndani, nikafundwa mengine, na zile robo zikabaki hukohuko. Mume wangu aliponiona nagawa mafungu ya dagaa bila ya kukosea, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia mpaka robo. Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, wallahi, akanitia chaki mkononi. Akanambia basi tuendelee kutokea hapo.

Tukaendelea. Kila alasiri, akisharudi skuli na kuswali, hutandika mkeka mbele ya mgongo wa kabati na mie hukaa. Alinivusha robo, akanivusha mafungu, akanifikisha kule ambako herufi hukaa mahali pa namba. Nikiandika kwa nguvu, mirashi iligongana ndani ya kabati, naye husema marashi yanasoma pamoja nasi. Sijapata raha nyingine ya namna ile, na nimezaa, nimehiji, nimekula karamu za watu wakubwa.

Kisha ikaja mimba. Ukaja uzazi, yakaja maradhi ya mkwe wangu, niliyemuuguza mpaka Mungu akamchukua. Hapana siku mume wangu aliyosema tumeacha kusoma. Tuliacha tu. Na mtoto alipozaliwa, jina langu nalo likaondoka, kwani tangu hapo niliitwa Mama Fulani, kama desturi yetu ilivyo, na huyo Fulani ndiye mwanangu. Mungu hakunijaalia mwengine. Msichana mmoja, na sauti yake alipopevuka ikawa sauti yangu khasa, hata watu wakibisha hodi wakajibiwa hawajui kama wameitikiwa na mama au mwana.

Miaka ya hamsini ilipoingia dunia ilikuwa imegeuka kidogo. Mwanangu alivunja ungo, na baba yake akasema mtoto hatoki skuli. Hakuniuliza. Mtoto akavaa buibui lake akenda zake kwa miguu, mchana kweupe, na hakuna jirani aliyeanguka kwa mshangao. Nilimfungia mkate wa kula njiani. Nilifurahi, msinifanye mama asiye na imani. Lakini alasiri moja nilikuwa uani nakuna nazi, nikasikia mirashi yangu inagongana ndani ya kabati, mbiombio, kwa mkono ambao si wa mume wangu. Nikachungulia. Mkeka umetandikwa, baba amekaa, na mwanangu amesimama mbele ya mgongo wa kabati langu, chaki mkononi. Roho ilinisonona pale pale. Nilirudi kwenye mbuzi nikakuna nazi mpaka nikakuna na kidole.

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wivu juu ya mwana je, nani anaujua? Hakuna anayeusema. Mke mwenza ungelimwonea wivu mbele za watu, ukalia, ukarudi kwenu, mashoga wakaja kukupa pole. Mwanao wa kumzaa utamwambia nani? Nilikaa na donge langu kama mtu aliyemeza kokwa ya embe.

Siku za Idd tulikuwa na ada ya kwenda Jambiani, kwa watu wa mume wangu. Mwaka mmoja tulikaa pwani watu watatu, mie nafungua kawa lenye mikate ya ufuta, baba na mwana wanatazama maji. Akaanza kumsomesha hapo hapo, Idd na Idd yake. Akamwambia kila kanuni ya hesabu ni mama, na ana mwana. Kanuni ni kama kinu: unatia namba, inatoka namba nyengine. Mama wa maji haya anakwambia saa fulani maji yamefika wapi. Mwana hakwambii yako wapi. Anakwambia yanakwenda vipi, yanajaa au yanakupwa, kwa haraka au polepole. Kisha akauliza: maji yakishajaa kabisa, kabla hayajaanza kurudi, mwana anajibu nini?

Sifuri, nilisema moyoni. Maji yamesimama, hayaendi mbele wala nyuma, basi mwana atajibu nini kama si sifuri? Lakini kinywani mwangu mlikuwa na mkate, na kabla sijaumeza, mwanangu akasema sifuri, kwa sauti yangu ile ile. Baba yake akamtazama vile alivyokuwa akinitazama mie. Niliyajua macho yale. Niliyangoja miaka mingi yarudi, yakarudi yakatua pengine. Nikawagawia mikate, mwanangu nikampa ulioungua pembeni.

Katika siku hizo mume wangu alipata kitabu kwa posta kutoka Ulaya, na kitabu kile ndicho kilichomtia wazimu. Kilieleza juu ya kanuni ambazo ni laini kila mahali, isipokuwa sehemu moja moja zilizotengana ambapo huruka juu bila ya mwisho. Zina jina la Kiyunani, meromofiki, neno ambalo mpaka leo nikilitamka ulimi unajikwaa. Mtaalamu mmoja wa nchi za baridi alikuwa ameonyesha jambo la ajabu. Chukua kanuni mbili za namna hiyo, zisizojuana. Kila mahali ambapo hii inajibu moja, na ile inajibu moja, wala si pengine. Ikawa hivyo kwa jibu jengine, na jengine. Zikikubaliana hivyo kwa majibu matano, basi hazikuwa mbili tangu mwanzo. Ni kanuni moja imeandikwa mara mbili.

Mume wangu akauliza: hayo ni kwa wasiojuana. Jee, mama na mwana wake? Wao ni damu moja. Pengine hayahitajiki matano. Pengine machache yanatosha, mama na mwana wakawa kitu kimoja. Aliliuliza hilo alasiri nzima, kesho yake tena, mwezi ukaja ukatoka, na mwanangu mbele yake anaandika na kufuta, na mie jikoni nasikia kila neno. Kanuni moja iko, alisema, ambayo mwana wake ni yeye mwenyewe, popote uwaulizapo jibu ni moja. Hiyo na jamaa zake. Akaieleza kwa mahaba kama anamsifia bibi arusi. Nilifunika sufuria kwa kishindo mpaka wakanyamaza wote wawili, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia mfuniko umeniponyoka.

Kitu kimoja! Mama na mwana kuwa kitu kimoja! Kama tulikuwa kitu kimoja, basi kwa nini mmoja yuko mkekani na mwengine yuko na moshi machoni? Nilianza kuyatafuta yale tunayokubaliana. Sauti moja. Sote wawili hatuli pweza. Sote tukikasirika tunakunja kanga begani. Nikaona vibaya, kwa sababu orodha ilikuwa inarefuka na mume wangu bado haoni ila mmoja. Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye mdomo wake hauna pazia, alikuja kuomba chumvi akayakuta yale mambo ya ubaoni. Akacheka akanambia, "Shoga, kabati umenunuliwa wewe, faida anakula mwanao." Nikampa chumvi yake aende.

Mara moja tu nilithubutu. Walikuwa wamekwama, nami nikasema tokea jikoni kwamba jibu moja halitoshi, haliwezi kutosha, watu hukubaliana jambo moja na kila mtu akabaki mtu wake. Mwanangu akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba mama, hii si hesabu ya sokoni, hapa lazima mtu atoe mfano. Nikaona uso umenipamba moto. Mfano nilikuwa sina. Nilikuwa nao rohoni, lakini rohoni hapaandikiki kwa chaki.

Mfano aliutoa mwanangu. Ilikuwa siku ya mvua za masika, barazani maji yanapita, mirashi ikagongana kabatini kwa kasi ambayo sijaisikia kabla. Mume wangu akapiga kelele ya furaha. Nilikwenda nikasimama nyuma ya pazia, mikono ina unga.

Mwanangu alikuwa amechukua ile kanuni inayojizaa yenyewe, akaiharakisha mara mbili. Tuseme ni kitu kinachokua. Mwana wa kitu hicho ni mara mbili yake, kwa sababu ya ile haraka. Kisha akampa mama kitu kimoja zaidi: nusu. Nusu tu, imesimama, haikui wala haipungui. Basi mama ni kile kinachokua pamoja na nusu. Na mwana je? Mwana ni mara mbili ya kile kinachokua, basi. Ile nusu hakuirithi, kwani kisichobadilika hakimwachii mwana kitu. Sasa mama atajibu moja wapi? Pale ambapo kinachokua kimefika nusu: nusu na nusu. Na mwana? Hapo hapo, mara mbili ya nusu. Kila mahali ambapo mmoja anajibu moja, na mwenziwe anajibu moja, hapana kosa hata sehemu moja. Na bado si kitu kimoja.

Baba yake alimbusu kichwani. Mie nilisimama nyuma ya pazia nikaona kitu ambacho wao kwa furaha yao hawakukisema. Kabla ya mahali pale wanapokutana, mama ndiye mkubwa, kwa ile nusu yake. Wanakutana kwenye moja. Na baada ya hapo mwana anampita, anakwenda zake, na kila hatua anamwacha zaidi. Nusu haimsaidii mama kitu. Nilirudi jikoni nikaukanda ule unga kama una dhambi na mie.

Mwaka ule ule ikaja posa. Kijana alikuwa karani wa forodhani, watu wao wa mtaa wa Malindi, watu wenye adabu na nyumba ya mawe. Mama yake na shangazi zake wawili waliingia kwetu na sinia la halua limefunikwa kitambaa cha mshono, tukaamkiana, shikamoo na marahaba zikenda upande na upande, kahawa ikanywewa, na mwisho neno likatoka. Kama ada, sikuwajibu siku ile. Nikasema twende tukaulizane. Usiku mume wangu nikamuuliza, naye akasema mtoto wa kike ni wa mama yake, neno langu ndilo litakalokwenda.

Jamani, neno langu! Miaka yote ile hakuna aliyelitaka, leo limekuwa ndilo. Nawaambia kweli, nilitaka kusema ndio. Nilimwona kijana ni mzuri, nikaiona nyumba ya Malindi, na zaidi ya yote niliuona mkeka mtupu mbele ya kabati langu na mie nakwenda kuukalia. Kila hoja ya kusema ndio ilikuwa nzuri, na kila moja ilikuwa na donge langu ndani yake.

Posa ikiwa nyumbani, msichana hajitokezi ovyo. Mwanangu alikuwa chumbani, hasomi, haandiki. Alasiri moja akaja jikoni, akachutama mbele yangu, akachukua upande wa ungo tukachagua mchele pamoja. Tulikuwa tunatupa chuya kwa mkono ule ule, kwa namna ile ile, na nikachukia hata hilo.

"Mama," akasema, hakuniinulia uso, "najua unalitaka kabati lako. Ukisema ndio, sintokulaumu."

Kumbe alijua! Miaka yote ile nafunika sufuria kwa kishindo, nikidhani ni mie na sufuria tu. Aliinuka akenda zake, mchele wake safi.

Kesho yake alasiri nilivaa kanga mpya nikenda kukaa kwenye mkeka. Mume wangu alikuwa juu ya kiti chake, anautazama mgongo wa kabati uliofutwa, mikono imelala magotini. Nilikaa nikangoja. Nilikuwa tayari kuanzia popote, hata kwenye robo. Mwisho akageuka, akaniona, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Hapo nikajua. Mwana akitoka, mie sirudi mahali pake. Kitakachorudi ni ukimya. Kabati litarudi kuwa kabati, na mie nitabaki na mume wa kuuliza chakula. Angalau alipokuwapo yule mwizi wangu, jikoni nilikuwa nasikia. Nusu ya somo ni bora kuliko kukosa lote. Wale wanawake wa Malindi waliporudi kutaka jibu, niliwaambia kwa heshima zote kwamba mwanangu bado anasoma. Mama wa kijana alikunja midomo akasema kusoma kutamzeesha. Nikamwambia na aende akazeeke nako, elimu si kitambaa kwamba itachuja. Watu walinisifu baadaye kuwa mie mama nilikuwa na maono. Nimewaacha waseme. Mie nilikataa kwa wivu, nisije nikanyang'anywa hata kile nilichokuwa nadokoa.

Alisoma, akafaulu, akachaguliwa kwenda chuo cha bara, wasichana wa kwenda huko wakati ule ni wa kuhesabu kwa vidole. Tulimsindikiza bandarini. Baba yake alilia mbele za watu, kanzu imelowa kifuani. Mie sikulia. Nilimwambia asiache kutia nywele mafuta, huko bara baridi inakausha. Alinikumbatia akaniambia sikioni kwamba mirashi ameifungia kitambaa isigongane tena. Nilifika nyumbani nikafungua kabati. Kweli, ameifunga kwa leso yake, fundo juu ya fundo. Niliyafungua yote.

Mume wangu alikaa siku nyingi bila ya kushika chaki. Anarudi, anaswali, anakaa, anasoma kitabu chake cha meromofiki na kukifunga. Kisha alasiri moja, niko uani nakamua tui, nikasikia chaki. Polepole, kama mkono wake ulivyo, mirashi inagusana kidogo kidogo. Kiatu cha mtu kikapita kichochoroni, mchuzi wa jirani unanukia, kila kitu kama kawaida. Na yeye, bila ya kufikiri, kwa mazoea ya miaka, akaita. Hakuita Mama Fulani. Aliita jina la mwanawe.

Nilisikia chaki imesimama, kama ndiyo kwanza anaanza kukumbuka. Nikaweka kifumbu cha tui chini.

"Naam," nikaitika.

Hakujua. Au masikio yake hayakutaka kujua, kwani sauti ni ile ile. Nilipofika mlangoni alikuwa amenipa mgongo, chaki inakwenda, ananieleza upesi upesi: ule mfano wa jibu moja tunao, nimeuandika tena hapa juu, sasa tujaribu majibu mawili, tutazame hapa, mama huyu hapa, mwana huyu hapa. Alizungumza vile ambavyo hajazungumza na mie tangu nilipokuwa bibi arusi wake. Nilisimama nikayasikiliza yote, kila neno ambalo halikuwa langu. Kisha akageuka.

Alinitazama. Midomo ilibaki wazi, na nikaona furaha inamtoka usoni pole pole, kama mtu aliyefungua mlango akakuta si mgeni aliyemngoja. Sijapata kuona wivu mkubwa kuliko ule nilioupata wakati ule, na aliyenitia wivu yuko bara, kavuka bahari, hayupo hata wa kumkasirikia.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia. "Yeye hayupo, niliyepo ni mie. Na hapo kwa mama umesahau nusu."

Akageuka kutazama ubaoni. Akaifuata hesabu kwa kidole mpaka akafika pale penye pengo. Kisha akatazama mkono wangu unaochuruzika tui, akanipa chaki.